Bibi Shamba Anajibu: Nyanya za Jirani Zimejikunja, na Upepo Haukuwepo

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu dawa za kuua magugu. Nimechagua tano. Zote zimetoka bonde la Kilombero, ambako nilifanya kazi ya ugani miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo njia, mito na majaruba yanayotajwa humu nayajua kwa miguu yangu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna ugomvi wa majirani wawili wanaopendana.

Shikamoo Bibi Shamba. Nalima mpunga eka tatu huku Mang'ula. Mwezi Februari nilipulizia 2,4-D kuua magugu ya majani mapana. Nilikwenda alfajiri makusudi, kabla upepo haujaanza, ukungu ukiwa bado umelala. Hata jani halikutikisika. Wiki ile ile nyanya na bamia za jirani yangu zilijikunja zote, bustani nzima. Bustani yake iko upande wa juu, kama hatua sitini kutoka shambani kwangu, na katikati kuna mahindi yake ambayo hayakudhurika. Anasema ni dawa yangu na anataka nimlipe. Ni mtu mwema. Tulikuwa tunaazimana kila kitu, jembe, bomba la kupulizia, hata chumvi, na sasa hatusalimiani. Je, dawa inaweza kuruka bila upepo? Na msimu ujao nifanyeje, maana upande wa chini kuna kijito tunachochota maji na ng'ombe hunywa hapo hapo?
*Mama mkulima, Mang'ula*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno lile lile ulilolitaja kwa kupita tu: bomba. Nitalirudia. Kwanza nijibu ulichouliza.

Ndiyo, dawa inaweza kusafiri bila upepo, na alfajiri tulivu yenye ukungu ni wakati mbaya wa kupulizia. Wakulima wengi huamini kinyume chake kwa sababu maafisa ugani, nami nikiwemo, tuliwaambia "pulizieni asubuhi mapema" tukaishia hapo. Angalia moshi wa majikoni Mang'ula saa kumi na mbili asubuhi. Haupandi. Unatandaa juu ya mashamba kama shuka. Usiku ardhi imepoa, hewa baridi imeteremka kutoka milima ya Udzungwa na kutulia bondeni, na hewa yenye joto kidogo imekaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Matone madogo ya dawa yakiingia kwenye hewa hiyo hayatui wala hayatawanyiki. Yanaelea pamoja, kisha yanateleza taratibu kufuata mteremko hadi yanapokuta kitu. Subiri jua litoke, ukungu uinuke, moshi uanze kupanda. Hapo utakuta kaupepo kadogo, ka kutikisa majani na kusikika shavuni. Huo ndio unaoutaka, kwa sababu unajua unakokwenda. Funga kipande cha kanga kwenye mti mrefu pembeni ya shamba. Kikining'inia kimekufa, usianze. Kikielekea bustani ya mtu, usianze. Kikinyooka na kupigapiga, rudi nyumbani.

Sasa tazama ulichoniandikia mwenyewe. Bustani ya jirani iko juu, shamba lako liko chini. Hewa ya alfajiri inateremka. Kwa hiyo kama kuna kitu kilichoelea asubuhi ile, kilitoka kwake kuja kwako na kuendelea kijitoni. Kupanda kwake lingekuwa jambo gumu. Siwezi kulifuta kabisa, kwa kuwa zipo aina za 2,4-D zinazogeuka mvuke jua likipamba moto, na mchana upepo wa bondeni hupanda mlima. Lakini dawa iliyofika kwa hewa huacha alama yake: mimea ya ukingoni, iliyo karibu na aliyepulizia, huumia sana, ya katikati kidogo, ya mbali haiguswi. Wewe umesema zote, bustani nzima.

Mahindi yasikudanganye. 2,4-D huchagua. Inaua majani mapana na kuyaacha ya jamii ya nyasi, ndiyo maana tunaitumia kwenye mpunga na mahindi. Kwa hiyo mahindi kupona hakusemi lolote. Tafuta kilichokuwa katikati pale chenye majani mapana: kunde kwenye tuta, mchicha pori, mlenda. Kama vilibaki vimenyooka, dawa haikupita hewani hapo.

Ipo pia njia ya tatu, ya ugonjwa. Inzi weupe huleta virusi vinavyokunja majani ya nyanya. Ila ugonjwa huo huanza kwa mche mmoja hapa na mmoja pale, majani yanakuwa madogo, kingo zinageuka njano na kukunjamana kuelekea juu, na huenea polepole. Sumu ya 2,4-D huja kwa siku chache na kwa pamoja: shina linapinda kama limesokotwa, majani machanga yanakuwa membamba kama nyuzi, mishipa yake imelala sambamba. Na bamia kuumia siku hizo hizo pamoja na nyanya kunanifanya niamini ni dawa. Bamia ni ndugu wa pamba, na pamba ni miongoni mwa mimea inayoogopa 2,4-D kuliko yote.

Basi turudi kwenye bomba. Baada ya kupulizia mpunga wako, jirani aliliazima? Alipulizia nyanya na bamia zake dawa ya ukungu au ya wadudu kwa bomba lile lile?

Nauliza kwa sababu niliwahi kufanya hivyo kwa mkono wangu. Ilikuwa 1998, mwaka wa zile mvua za El Niño. Nilikuwa na kikundi cha akina mama waliolima nyanya kwenye kipande cha juu ambacho maji hayakukifikia. Mvua zilikuwa zimeleta bakajani, majani yanaungua kuanzia kingoni, nikaahidi kuwapulizia dawa ya ukungu. Bomba nililokuwa nalo lilikuwa limetoka kwenye mpunga siku mbili nyuma, kazi ya 2,4-D. Nililiosha. Niliweka maji, nikatikisa, nikamwaga, mara tatu, nikaona maji yanatoka meupe. Nikapulizia bustani nzima mbele yao huku nikieleza namna ya kushika mpini. Baada ya siku tatu mwenyekiti wao alikuja kwangu jioni, hakusema neno, akanionyesha tawi moja la nyanya limejisokota kama uzi wa ukili. Sitasahau namna alivyolishika. Miche yote ilikwenda. Nililipa mbegu na mbolea kwa mishahara ya miezi miwili, lakini msimu wao sikuweza kuwarudishia, na wawili kati yao walikuwa wakitegemea nyanya zile kwa ada za shule.

Nilichojifunza ni kwamba 2,4-D hung'ang'ania mpira, plastiki na ule mfereji wa ndani wa mpini, na nyanya huhitaji chembe kidogo mno kuumia. Maji matupu hayaiondoi. Kama huna budi kutumia bomba moja, suuza kwa maji safi mara tatu, kisha lijaze maji yenye amonia ya kusafishia ndani ya nyumba, na ukiikosa, sabuni ya unga ya kutosha. Pampu mpaka maji hayo yapite kwenye mpira na nozeli, liache limejaa usiku kucha, asubuhi pampu yote na usuuze tena mara mbili. Nozeli na vichujio vifunguliwe na kuoshwa peke yake. Hata hivyo, mimi baada ya 1998 sikuliamini tena bomba lililowahi kubeba 2,4-D. Nunua la pili, hata la mtumba, moja lipake rangi nyekundu na liandike MAGUGU kwa herufi kubwa. Lile jekundu halitoki nyumbani kwako, aje nani.

Nenda kwa jirani yako. Usiende na hoja zangu mkononi kama hati ya mahakama. Nenda jioni, msalimie, muulize maswali mawili: uliazima bomba kabla ya nyanya kujikunja? Na zilijikunja zote sawasawa au za upande wangu zaidi? Kama ni bomba, basi kosa lina watu wawili, wewe uliyelitoa bila kumwambia limebeba nini na yeye ambaye hakuuliza, na hasara nayo igawanywe kwa wawili. Kama za upande wako ndizo zilizoumia zaidi, mlipe. Miaka yote niliyosuluhisha mambo ya aina hii, majirani waliogawana hasara waliendelea kusaidiana palizi, na waliokwenda kwenye baraza la kata walibaki na nyanya zilizokufa na uadui juu yake.

Kuhusu msimu ujao. Upande unaoelekea bustani acha ukanda wa hatua ishirini usiopulizwa kabisa, upalilie kwa mkono. Najua ni kazi, na najua mgongo unavyouma kwenye jaruba, lakini ni hatua ishirini tu. Shusha nozeli karibu na magugu, isizidi urefu wa goti juu yake. Pampu polepole: ukipampu kwa nguvu unatengeneza ukungu, na ukungu ndio unaoruka. Tumia nozeli inayotoa dawa bapa kama ufagio, acha ile ya kutoa duara inayotumika kwa dawa za wadudu. Dukani omba aina ya 2,4-D iliyoandikwa amini, si esta, kwa sababu esta ndiyo inayogeuka mvuke.

Kijito nacho kinataka maneno yake. Watu hudhani hatari kwa maji ni kupulizia karibu na maji. Kwa nilivyoona, dawa nyingi iliingia mtoni kupitia ndoo. Mtu anachanganya dawa ukingoni kwa sababu maji yako hapo, chupa inamponyoka, au anazamisha bomba lenye dawa moja kwa moja ili lijae, au akimaliza kazi anaosha kila kitu hapo hapo pamoja na miguu yake. Chota maji kwa ndoo ambayo haijawahi kugusa dawa, yapeleke kwenye pipa juu ya shamba, changanyia huko. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Chukua hizo mita 60 kuwa kipimo chako cha kuchanganya na kuoshea, na cha kisima pia. Maji ya kusuuzia bomba yapulizie juu ya shamba lile lile ulilotoka kupulizia, kwenye sehemu yenye magugu, usiyamwage mahali pamoja.

Na jaruba: kabla ya kupulizia 2,4-D unapunguza maji ili magugu yatokeze. Yapunguze kabla. Ukishapulizia, ziba mlango wa jaruba kwa udongo na usirudishe maji kwa siku mbili au tatu. Ukirudisha, yabaki ndani, yasifunguliwe kwenda kijitoni wiki hiyo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uangalie Udzungwa. Mawingu yakikaa mazito juu ya mlima, dawa yako itaishia kwenye ndoo ya mtu wa chini, na magugu yatabaki.

Kwa heshima, Mama. Mimi ni mfugaji, Malinyi. Ng'ombe wetu walipita kwenye shamba la mpunga ambalo halijalimwa, nyasi zilikuwa kijani nzuri. Kesho yake tukaambiwa lilikuwa limepuliziwa dawa. Ndama mmoja anaharisha. Tunajuaje shamba limepuliziwa kama hakuna mtu wa kutuambia? Maziwa tunywe au tumwage? Tukae siku ngapi?
*Mfugaji, Malinyi*

Ndugu yangu, ndama kuharisha kuna sababu nyingi, kwa hiyo usimalize kwa kunisoma mimi. Mwite afisa mifugo, na mwombe mwenye shamba jina la dawa au lebo yenyewe, kwa maana daktari hawezi kutibu "dawa ya magugu" tu. Mtenge ndama, apate kivuli na maji safi.

Swali lako la kwanza ndilo lililonigusa. Huwezi kujua kwa macho. Shamba linalosafishwa kabla ya kulima mara nyingi hupuliziwa glaifosati, na glaifosati huingia kwa jani na kushuka mpaka mizizini polepole. Wiki ya kwanza nyasi zinaweza kuwa kijani kama ulivyoziona. Mchungaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na miwili, anaona malisho. Kwa hiyo jukumu hili naliweka kwa mkulima, na kila mkulima anayesoma ukurasa huu ayachukue maneno haya kama ameandikiwa yeye: kabla ya kupulizia, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa wafugaji walio karibu, siku na mahali. Kisha simika fimbo yenye kitambaa chekundu kila njia ng'ombe wanayoingilia. Maandishi hayamsaidii mtoto asiyesoma, lakini nyekundu kila mtu anaiona. Kijiji kimoja nilichokihudumia kilikubaliana hivyo kwenye mkutano, kitambaa kikae wiki mbili, na malalamiko ya ng'ombe na dawa karibu yalikwisha.

Siku ngapi? Kila dawa ina zake na zimeandikwa kwenye lebo. Lebo nyingi za 2,4-D huagiza ng'ombe wa maziwa wasilishwe eneo lililopuliziwa kwa siku 7. Mimi huwaambia wafugaji wiki mbili kwa dawa yoyote ambayo jina lake hawalijui, na sababu yangu si dawa peke yake. Gugu linalokufa hubadilika. Mimea ambayo ng'ombe huikwepa siku zote kwa uchungu wake, kama mnanaha, ikinyauka huwatamanisha wakaila. Mchicha pori nao hujaa nitrati, na 2,4-D inaweza kuizidisha. Tumboni mwa ng'ombe nitrati hugeuka kuwa sumu inayozuia damu isibebe hewa, mnyama anahema kwa shida, ufizi na damu vinakuwa na rangi ya kahawia kama chokoleti. Ukiona hivyo usingoje asubuhi, daktari wa mifugo ana sindano yake ila muda ni mfupi. Maziwa ya wale waliolisha pale msinywe wala msiuze mpaka mmejua jina la dawa na kuhesabu siku za lebo. Ni hasara, naijua, na ni haki yenu kuizungumza na mwenye shamba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakulima wa mboga wanaonunua samadi mabomani wanatakiwa kulijua. Zipo dawa za kuua vichaka na magugu ya malisho, mojawapo ni pikloramu, ambazo hupita tumboni mwa ng'ombe na kutoka na mavi zikiwa bado zina nguvu. Samadi hiyo ukiiweka kwenye nyanya au maharage, yanajikunja kama yamepuliziwa. Kwa hiyo muulize anayekuuzia ng'ombe wake walichungwa wapi. Kama humwamini, jaza samadi kidogo kwenye makopo matatu, changanya na udongo, panda maharage, ngoja wiki tatu. Maharage yakijikunja, utaona mwenyewe.

Mama shikamoo. Mimi ni kijana, Ifakara, kazi yangu ni kupulizia mashamba ya watu. Nalipwa kwa bomba. Jioni kichwa kinauma, nakunywa maziwa nusu lita kuondoa sumu kama tulivyofundishwa na wakubwa. Yanatosha? Na nasikia glaifosati inaleta saratani, ni kweli?
*Kijana wa bomba, Ifakara*

Marahaba mwanangu. Maziwa hayaondoi sumu. Hayajawahi. Ni chakula kizuri, kunywa kwa sababu yanajenga mwili, lakini sumu yako haikuingia kwa kinywa, imeingia kwa ngozi, na huko maziwa hayafiki. Tena mtu aliyemeza dawa asilazimishwe kunywa maziwa wala kutapishwa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo yake. Ikiwa ni parakwati, dawa nyingine ya kuua magugu, dakika moja ni mali: haina dawa ya kuiondoa makali, funda moja linatosha kuua, na huua kwa kuyakausha mapafu kwa siku nyingi mgonjwa akiwa na akili zake. Nimekaa kando ya kitanda cha namna hiyo. Ukikuta parakwati imefungashwa kwenye chupa ya soda, usiinunue, na mwambie mwenye duka kwa nini.

Wakati wa hatari kubwa kwako ni ule wa kupima na kuchanganya, dawa ikiwa haijaguswa na maji. Hapo vaa glavu za mpira, hata kama kutwa nzima utazivua. Mabuti, na suruali itoke nje ya buti, usiichomeke ndani, la sivyo dawa inateremka mpaka kwenye soksi. Kabla ya kutia dawa jaza bomba maji matupu, lipampu, lipekue kama linavuja mgongoni, kwa sababu mgongo uliolowa saa nne ndio kichwa chako cha jioni. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Nawaona vijana wakifanya hivyo kila msimu na moyo unaniuma. Tembea na mswaki wa zamani au unyasi laini. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula, nguo zifuliwe peke yake, tena si mtoni.

Kuhusu saratani, mwezi Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Novemba mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Wataalamu wanabishana mpaka leo. Mlaji wa wali ana nafasi ya kungoja waafikiane. Wewe unayeibeba mgongoni siku sita kwa wiki, jikinge kama vile waliosema ndiyo ndio wenye haki.

Sasa hili la kulipwa kwa bomba. Kijana akilipwa kwa bomba, mabomba huongezeka, na mwenye shamba naye anapima dawa kwa kizibo, wakati vizibo vya chupa haviko sawa. Lipaneni kwa eka, na pimeni. Pima kipande cha mita 10 kwa mita 10. Jaza maji matupu kwenye bomba, pulizia kipande chote kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Tuseme zimekwenda lita 2. Eka moja ina vipande kama hivyo 40 hivi, kwa hiyo eka itakunywa lita 80, sawa na mabomba 5 ya lita 16. Lebo ikisema lita moja na nusu ya dawa kwa eka, igawe kwa 5: mililita 300 kila bomba. Nunua kikombe cha kupimia chenye mistari na usikipeleke jikoni tena.

Na maji ya glaifosati yawe safi. Ikikutana na udongo inashikamana nao na kupoteza nguvu, kwa hiyo aliyechota maji ya tope mferejini ataona magugu hayafi, atasema dawa ni feki, wiki ijayo ataongeza mara mbili. Nimeona fedha nyingi za wakulima zikipotea hivyo, na mfereji ukilishwa sumu bila sababu. Dawa feki zipo, sikatai. Ndiyo maana utazame namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwenye lebo, na ununue chupa ambayo lakiri yake haijafunguliwa.

Bibi Shamba, naweza kupulizia glaifosati matete ya ukingoni mwa mto Lumemo ili nipate njia ya kumwagilia?
*Mkulima wa mboga, Ifakara*

Hapana, ndugu. Uko ndani ya mita 60. Matete hayo ndiyo yanayoshika kingo, na yakioza majini huitumia hewa ambayo perege na kambale wanaihitaji. Vilevile sabuni inayochanganywa kwenye glaifosati nyingi ili ishike jani huua viluwiluwi na kudhuru samaki, hata pale dawa yenyewe isipowadhuru. Bonde letu lote la mafuriko liliandikishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhi oevu ya thamani kwa dunia nzima, na maji yanayopita mbele ya matete yako wapo wanaoyanywa jioni hiyo hiyo. Chukua panga, fyeka upana wa mtu mmoja na ndoo zake mbili.

Shikamoo. Galoni la dawa likiisha, nikiliosha vizuri kwa maji ya moto, linafaa kwa mafuta ya kula? Ni imara kuliko tunayonunua.
*Mama lishe, Kidatu*

Marahaba. Halifai kwa mafuta, wala maji, wala maziwa, wala pombe, hata likioshwa mara mia, kwa sababu plastiki imeshainywa dawa. Dawa ikiisha, weka maji robo ya galoni, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba linalokwenda kupulizia. Rudia mara tatu. Kisha litoboe kwa msumari pande zote, chini pia, lisiweze kubeba kitu tena, ulihifadhi mbali na watoto mpaka utakapolirudisha kwenye duka la pembejeo au kumkabidhi afisa kilimo wa kata. Usilichome jikoni. Na kama tayari unalo moja lenye mafuta, usiyapikie wateja wala watoto wako. Yafunge yasitumike, muulize afisa kilimo pa kuyapeleka, na galoni ulitoboe leo.